Kivimbe nilichozaliwa nacho kimekutwa na saratani, na madaktari wangu wawili hawakubaliani

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Tanga. Nina miaka 34, nimeolewa, na tuna mtoto mmoja wa miaka minne. Naomba usinitaje jina, maana hata nyumbani si wote wanaojua haya ninayokuandikia.

Nimezaliwa na kivimbe shingoni, katikati kabisa, juu kidogo ya koo. Nilipokuwa mdogo watoto wenzangu walikuwa wakiniambia nitoe ulimi wakione kikipanda juu, halafu wanacheka. Mama alinipeleka hospitali nikiwa darasa la pili. Tukaambiwa hakina shida, kikisumbua turudi. Hakikusumbua, kwa hiyo tukaishi nacho, na nilipokua mtandio ukakificha. Nilipobeba mimba kikaanza kukua. Baadaye kikavimba ghafla, kikawa chekundu, kinauma hata nikimeza mate. Nikapewa antibiotiki, maumivu yakaisha, lakini nikikishika nikawa nahisi kitu kigumu ndani ambacho zamani hakikuwepo.

Daktari wa upasuaji hapa kwetu alinipima kwa ultrasaundi, akasema ni kivimbe cha maji cha kuzaliwa nacho, kitolewe. Nikatolewa, kesho yake nikaruhusiwa. Kidonda kikapona vizuri. Siku ya kuchukua jibu la maabara nilikwenda peke yangu, na daftari za wanafunzi za kusahihisha mkononi, kwa sababu niliona ni jambo la kupokea karatasi tu. Daktari akaigeuza ile karatasi upande wangu, akaweka ncha ya kalamu chini ya mstari mmoja: saratani ya papilari, milimita 8, ndani ya kivimbe. Mengine aliyosema sikuyasikia. Nilisahau daftari pale mezani, nikarudishiwa na mhudumu nikiwa nimeshafika getini.

Huyo daktari anasema nirudi haraka nitolewe tezi ya thairoidi yote, kisha nipelekwe Dar es Salaam kunywa dawa ya mionzi. Dada yangu akanishauri nipate maoni ya pili. Nikaenda Dar kwa bingwa wa masikio, pua na koo. Yeye akaangalia karatasi akasema, kwa umri wangu na kwa saratani ndogo hivyo, upasuaji nilioupata unaweza kuwa umetosha, niwe nakaguliwa kila baada ya miezi sita. Mama, mmoja wao anakosea, na anayekosea anachezea maisha yangu. Nimwamini yupi?

Kuna na mengine. Sauti ndiyo kazi yangu, nina wanafunzi zaidi ya sabini darasani, na nimesikia ukitolewa thairoidi sauti inaweza kukauka. Mimi na mume wangu tulikuwa tumepanga mtoto wa pili mwaka huu. Nikitolewa thairoidi nitazaa tena? Mume wangu ni mtu mwema lakini anasema, "Imeshatoka, kwa nini wakukate tena?" na akishasema hivyo hataki mazungumzo. Mama mkwe anataka twende Pangani kwa mzee mmoja anayechua na kutoa dawa ya kupaka. Anasema kisu ndicho kilichoichokoza saratani.

Kinachoniumiza zaidi ni mama yangu mzazi. Ana presha. Nimemwambia kilichotolewa ni uvimbe wa mafuta. Siku ile nilipotoka hospitali aliishika shingo yangu akasema, "Sijui nilikula nini nilipokuwa na mimba yako." Nikimwambia ukweli naona kabisa atajihukumu mpaka aanguke. Na mimi mwenyewe najilaumu: ningekitoa mapema, si yasingenifika haya?

Nisaidie, Mama. Silali.

Mwalimu, Tanga

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na ahsante kwa kuniamini.

Ngoja nikurudishie uliyoniambia, uone kama nimekuelewa. Umeishi miaka yote na kivimbe ambacho hakuna aliyekiogopa. Kimetolewa, na ndani yake pamekutwa saratani ndogo ya papilari. Daktari wa kwanza anataka thairoidi nzima itolewe na dawa ya mionzi ifuate, wa pili anaona ukaguzi unatosha. Wewe umewekwa katikati yao, na nyumbani umewekwa katikati ya mume, mama mkwe na mama mzazi. Wote hao wana maoni kuhusu shingo yako, na wewe ndiye unayeibeba.

Mimi si daktari. Nilikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji hadi nilipostaafu, na huko nilizoea kukaa na wagonjwa baada ya daktari kuondoka kitandani, ndipo maswali ya kweli yanapotoka. Nitakueleza yale ambayo wataalamu wa fani hii wanakubaliana, na pale wanapobishana nitakwambia wanabishana.

Naanza na mama yako, kwa sababu naona hapo ndipo penye usingizi wako. Mtoto akiwa tumboni, mwishoni mwa mwezi wa kwanza, thairoidi inaanza kuumbika kwenye mzizi wa ulimi. Kisha inashuka taratibu hadi mahali pake chini ya koo, na njia inayopita hubaki kama kijimfereji ambacho kwa kawaida hujifunga na kupotea kabla miezi mitatu ya mimba haijaisha. Kwa baadhi yetu hakipotei chote. Kipande kilichobaki hujaa majimaji, ndicho kivimbe chako, na kwa kuwa kimefungamana na ulimi ndiyo maana ukiutoa kilikuwa kinapanda. Katika vivimbe vya kuzaliwa navyo vya katikati ya shingo, hiki ndicho kinachoonekana zaidi. Hakuna chakula alichokula mama yako, wala alichokosa, wala jicho la mtu. Mara nyingi wakati haya yanatokea mwanamke hata hajajua kuwa ana mimba.

Na saratani iliingiaje? Kwenye ukuta wa kivimbe hubakia chembechembe za thairoidi, na chembe za thairoidi popote zilipo zinaweza kupata ugonjwa unaoipata thairoidi yenyewe. Ndiyo maana ya kwako ni papilari, aina ileile inayoongoza katika thairoidi, na inayoongoza pia katika vivimbe hivi. Hutokea kwa takriban mtu mmoja kati ya kila mia wenye kivimbe hiki, na karibu wote ni watu wazima. Wengi hujua kama ulivyojua wewe, baada ya upasuaji, kwa karatasi ya maabara. Kwa hiyo mwambie mama mkwe kwa adabu zote kwamba kisu hakikuchokoza kitu. Saratani ilikuwemo kabla ya kisu, na kisu ndicho kilichoifichua.

Umeniuliza kama ungekitoa mapema yasingekufika. Sitakudanganya: kivimbe kilichotolewa utotoni hakibaki kupata saratani. Lakini aliyewaambia msubiri alikuwa anamwangalia mtoto wa darasa la pili mwenye kivimbe kisichouma, na wakati ule kusubiri hakukuwa uzembe wa mtu yeyote. Wewe ulipohisi kitu kigumu ulirudi hospitali. Ndivyo inavyotakiwa, na ulifanya.

Sasa tuje kwenye lile neno lako, kwamba mmoja wao anakosea. Hebu tulisogeze kidogo. Vipi kama hakuna anayekosea? Ugonjwa huu ni adimu kiasi kwamba daktari wa shingo anaweza kufanya kazi miaka mingi asikutane nao zaidi ya mara chache. Wanaouandikia wanakusanya mgonjwa mmoja mmoja, au vikundi vidogo vya miaka mingi. Hakuna utafiti mkubwa uliowagawa wagonjwa makundi mawili, hawa watolewe thairoidi, hawa wasitolewe, wakafuatiliwa. Ndiyo sababu hata huko Ulaya na Marekani wataalamu wanabishana jambo hilihili ambalo madaktari wako wanabishana.

Wa upande wa daktari wako wa Tanga wana hoja. Wanasema mara nyingine wakitoa thairoidi ya mgonjwa kama wewe hukuta nayo ina saratani. Ni mara ngapi, tafiti zinapishana mno: zipo zilizokuta kwa mmoja kati ya kumi, zipo zilizokuta kwa zaidi ya mmoja kati ya watatu. Wanasema pia kwamba thairoidi ikiwa imetoka yote, dawa ya mionzi inaweza kutumika, na kipimo cha damu cha thairoglobulini, protini inayotengenezwa na chembe za thairoidi, kinaweza kuonyesha kama ugonjwa umerudi. Thairoidi ikibaki, kipimo hicho hakisemi mengi, kwa sababu thairoidi yenye afya nayo hutengeneza protini hiyohiyo.

Wa upande wa bingwa wa Dar nao wana hoja. Wanasema saratani nyingi zinazokutwa humo ni ndogo sana, za milimita chache, ambazo huenda zisingemsumbua mtu maisha yake yote. Wanasema mgonjwa kijana, mwenye saratani ndogo isiyopenya ukuta wa kivimbe, ambaye thairoidi yake na tezi za limfu za pembeni hazina dalili mbaya kwenye ultrasaundi, na ambaye hakuwahi kupigwa mionzi ya tiba shingoni, huishi vizuri bila kuondolewa thairoidi. Na pande zote mbili zinakubaliana kwamba matokeo ya ugonjwa huu ni mazuri. Zaidi ya wagonjwa 95 kati ya 100 wenye aina hii ya papilari wako hai miaka kumi baada ya matibabu. Hilo daktari alilisema huenda siku ile, ila ni miongoni mwa yale ambayo hukuyasikia.

Umeona basi: wanachotofautiana ni kiasi gani cha hatari ndogo mtu akubali kubaki nacho, na kwa gharama gani. Hapo ndipo maoni yako wewe yanapoingia, kwa sababu gharama ni ya mwili wako.

Lakini mwanangu, kuna kitu kimenisimamisha katika barua yako, na nakuomba hiki ukichukue kabla ya yote. Kila mtu anagombana kuhusu thairoidi. Hakuna aliyekuambia upasuaji wa kwanza ulikuwa wa namna gani. Mwaka 1920 daktari wa Kimarekani anayeitwa Walter Sistrunk alieleza namna ya kutoa vivimbe hivi, na mpaka leo ndiyo inayofuatwa. Juu ya koo kuna kimfupa kidogo kilichopinda kama upinde, kinaitwa mfupa wa hioidi. Ule mfereji niliokueleza hupita hapo, mbele yake, nyuma yake, au hata kuukatiza katikati. Kwa hiyo katika upasuaji wa Sistrunk kivimbe hutolewa pamoja na kipande cha kati cha mfupa huo, na nyama kidogo inayofuata njia ile kuelekea mzizi wa ulimi. Mtu hali vibaya wala hasemi vibaya kwa kukosa kipande hicho. Kivimbe kikitolewa peke yake, mfereji ukaachwa, kina nafasi kubwa ya kurudi, inatajwa kwamba hurudi kwa karibu nusu ya wagonjwa. Kwa upasuaji wa Sistrunk wanaorudiwa hawafiki mmoja kati ya kumi.

Wewe ulitolewa kipi? Kama daktari wa Dar anasema "upasuaji ulioupata umetosha", je, aliona maandishi ya chumba cha upasuaji, au aliona karatasi ya maabara tu? Kama ulikuwa wa Sistrunk, kauli yake imesimama mahali. Kama kilitolewa kivimbe peke yake, basi wengi wa wataalamu watasema kwanza kazi ile ikamilishwe, na mjadala wa thairoidi uje baada ya hapo. Nenda hospitali ulikopasuliwa, omba nakala ya ripoti ya upasuaji. Usiombe karatasi ya kuruhusiwa nyumbani, hiyo huandikwa "uvimbe umeondolewa" basi. Unayoitaka ni ile iliyoeleza hatua kwa hatua kilichofanyika. Ni haki yako, na huendi pale kumshitaki mtu. Unaweza kusema tu, "Naomba nakala, napeleka kwa daktari mwenzako." Nimewaona madaktari wengi wakilainika wakisikia neno mwenzako.

Karatasi ya maabara nayo inahitaji kuulizwa maswali. Milimita 8 tumeisoma. Je, saratani ilibaki ndani ya kivimbe au ilitoboa ukuta? Kingo za nyama iliyokatwa zilikuwa safi? Ni papilari ya kawaida au ya aina inayokwenda kasi? Kama hayo hayakuandikwa, maabara hutunza vipande vyako ndani ya nta, na vinaweza kukatwa tena na kusomwa upya na mtaalamu wa patholojia mwingine. Kwa ugonjwa adimu kama huu kusomwa mara ya pili ni jambo la kawaida kabisa.

Na la tatu ni ultrasaundi. Ya kwanza ilikuwa ya kivimbe. Sijaona uliposema kwamba thairoidi yenyewe iliangaliwa, upande wa kulia na wa kushoto, pamoja na tezi za limfu za shingo yote. Picha hiyo inaweza kuhamisha uamuzi wote. Kama kuna kinundu chenye sura mbaya kwenye thairoidi, kinachomwa sindano nyembamba kinanyonywa chembe, na hapo daktari wa Dar mwenyewe huenda akabadili kauli. Kama thairoidi ni safi na tezi za limfu ni safi, hoja ya kuacha inapata nguvu. Utaona kwamba swali lako "nimwamini yupi" linadai jibu kabla vipimo havijakamilika. Huenda ndiyo maana limekukosesha usingizi, unajaribu kuamua bila karatasi.

Je, muda upo? Papilari kwa kawaida ni saratani inayokwenda polepole. Wiki chache za kukusanya ripoti na kupima hazitakuharibia kitu, na neno "haraka" unaweza kumwomba daktari wako alieleze: haraka ya wiki hii, au haraka ya usipotee? Mara nyingi wanamaanisha la pili, kwa sababu wamewaona wengi wakienda kwa waganga na kurudi baada ya mwaka.

Tuseme karatasi zote zimekuja na bado njia mbili ziko wazi. Nikuonyeshe maisha yanavyokuwa katika kila moja, maana kwenye vyumba vya madaktari hilo huwa halipati nafasi.

Ukibaki na thairoidi, unabaki na mwili wako ulivyo, huna dawa ya kila siku, na sauti haijaguswa. Unachokubali ni kurudi. Ultrasaundi ya shingo kila baada ya miezi sita au mwaka, miaka mingi, hata shingo ikiwa haiumi, hata mwezi wa mitihani ya darasa la saba. Na unakubali kwamba siku moja picha inaweza kuonyesha kitu, ukaingia tena chumba cha upasuaji ukiwa na umri mkubwa kidogo. Wapo wanaoishi hivyo kwa utulivu. Wapo ambao kila wiki ya kipimo hawali. Jiulize wewe ni yupi, na ujibu kwa kweli, kwa sababu hofu ya miaka nayo ni madhara.

Ukitolewa thairoidi, hayo ya kusubiri yanapungua, ila unabeba mengine. Hatari ya sauti ipo kweli. Mishipa ya fahamu inayoendesha nyuzi za sauti inapita nyuma ya thairoidi. Mikononi mwa daktari anayefanya upasuaji huu mara kwa mara, wanaoumia kwa kudumu ni wachache sana, mmoja au wawili hivi kati ya mia. Wanaopata mkwaruzo wa muda ukaisha ni zaidi ya hapo. Kuna pia mshipa mwingine mdogo wa kupandisha sauti, ukiguswa mtu anaongea vizuri lakini hawezi kupaza. Kwa mwenye ofisi tulivu hilo ni dogo. Kwa mwenye wanafunzi sabini si dogo, kwa hiyo mwambie daktari wazi kwamba wewe ni mwalimu. Muulize anafanya upasuaji wa thairoidi mara ngapi kwa mwaka, na kama nyuzi zako za sauti zitaangaliwa kabla. Si utovu wa adabu kuuliza. Hatari nyingine ni kalsiamu. Nyuma ya thairoidi kuna tezi nne ndogo mno, zikishtuka kalsiamu ya damu hushuka, midomo na vidole vinakufa ganzi, misuli inakaza. Kwa wengi hupita kwa vidonge vya wiki kadhaa. Kwa wachache hubaki maisha.

Halafu kuna kidonge cha levothairoksini kila siku ya maisha. Kinamezwa asubuhi tumbo likiwa tupu, na maji, kabla ya chai. Hapa nakuja kwenye mtoto wa pili, na nakujibu bila kuzunguka: kutolewa thairoidi hakumzuii mwanamke kuzaa. Levothairoksini ni homoni ileile ambayo thairoidi ingeitengeneza, haina madhara kwa mimba. Ila mimba inahitaji zaidi ya hiyo homoni, kwa hiyo dozi hupandishwa, kwa kawaida kwa robo hadi nusu, na damu hupimwa mara kwa mara tangu unapojua umebeba. Na vile vidonge vya kuongeza damu vya kliniki ya wajawazito, FEFO, usivimeze pamoja na levothairoksini. Madini ya chuma huzuia homoni isiingie mwilini. Viachanishe kwa saa nne. Wengi hawaambiwi hili, wanameza vyote asubuhi kwa pamoja, kisha watu wanashangaa kwa nini kipimo hakikai sawa.

Kinachogusa mpango wa mtoto ni dawa ya mionzi, yaani madini joto yaliyotiwa mionzi, ambayo hutolewa Taasisi ya Saratani Ocean Road. Haitolewi kwa mjamzito wala anayenyonyesha. Baada yake mwanamke husubiri miezi sita hadi mwaka kabla ya kubeba mimba, na kwa siku kadhaa anakaa mbali na watoto wadogo, hata huyo wa miaka minne anayependa kulala kifuani. Lakini usiichukulie kwamba inakuja yenyewe baada ya upasuaji. Kwa saratani ndogo ya papilari isiyoenea, miongozo ya sasa haiitaki kwa kila mgonjwa. Muulize daktari wako wa Tanga: kwangu mimi, mionzi inatafuta nini? Jibu lake litakusaidia hata kama hatimaye utakubali. Na kama mimba inaweza kuwa imeshaingia, jipime kabla ya lolote na uwaambie.

Ukiona huwezi kubeba mashauri ya watu wawili walio mbalimbali, omba rufaa kwenye hospitali yenye kikao cha pamoja cha saratani, ambako mpasuaji, mtaalamu wa patholojia na wa mionzi hukaa wakaijadili karatasi moja. Kutoka Tanga una Dar, na una Moshi. Huko nako wanaweza wasifike kauli moja, ila watabishana mbele ya vipimo vyako vyote.

Nyumbani sasa. Mume wako anaposema "imeshatoka", mimi nasikia mtu anayeogopa zaidi ya mtu anayekataa. Inawezekana nimekosea, wewe unamjua. Lakini mpaka sasa habari zote anazipata kupitia kwako, na wewe unazileta ukiwa umeshatetemeka. Ungemwomba aje nawe kwenye ultrasaundi? Akiiona picha mwenyewe, akauliza maswali yake kwa daktari, huenda mkaanza kuzungumza mkiwa upande mmoja. Usimwombe ruhusa mle ndani, mwombe asikilize.

Mama mkwe anakupenda kwa lugha anayoijua. Sikushauri ugombane naye. Ila shingo iliyopasuliwa isichuliwe, na dawa ya kupaka haifiki inakotakiwa kufika. Kama kuna dua au kisomo mtakachofanya pamoja bila kuigusa shingo wala kuahirisha kipimo, huenda huo ukawa mlango wa kumpitisha naye asijione amekataliwa.

Na mama yako. Unasema ukimwambia atajihukumu. Lakini mwanangu, si ameshajihukumu? Alipouliza alikula nini, alikuwa tayari amejipandisha kizimbani, na uvimbe wa mafuta haukumtoa. Wewe sasa unayo habari inayoweza kumtoa: kwamba njia ya thairoidi haikujifunga, basi, na hakuna mama anayeifunga kwa chakula. Tena yeye ndiye anayejua mambo ambayo daktari atakuuliza, kama ukiwa mdogo uliwahi kupata tiba ya mionzi, kama kuna ndugu aliyekuwa na goita au saratani ya thairoidi. Kwa upande mwingine presha ni presha, na wewe ndiye unayemjua anavyopokea habari. Unaweza kungoja ultrasaundi ili uende na habari kamili. Unaweza kumwambia kwa awamu. Unaweza kumpeleka dada yako akakaa pembeni yako, na mkahakikisha dawa zake kameza siku hiyo. Au unaweza kuona kwamba kwa sasa huna nguvu za kumbeba na yeye, na hilo nalo ni jibu la mtu mzima. Ila lipime hili: akija kusikia kwa jirani, au kwa mama mkwe wako akiwa na habari ya Pangani mdomoni, itakuwaje?

Wiki hii nakuomba moja tu, ile ripoti ya upasuaji. Ukiipata, tafuta kama mfupa wa hioidi umetajwa. Usipoelewa maandishi yao, yanakili kama yalivyo uniandikie, tutayasoma pamoja kabla hujarudi kwa daktari yeyote. Na siku ya kurudi, usiende peke yako.

Wako,
Mama